Kadi ya Pointi na Kiti cha Oktoba

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu! Hapana, leo mnijibu vizuri: sifa kwa Bwana! Mkiona nashika hii meza, mniache nishike.

Wengi mnanijua. Naitwa Perez Auma, nauza mabati, simiti na misumari hapa Rangwe. Bwana yangu ni Mwalimu Joash, yule pale nyuma ameinamisha kichwa. Msichana wetu wa kwanza, Achieng', aliolewa akaenda kuishi Johannesburg. Bwana yake anafanya kazi kwa mgodi mbali sana, anarudi nyumbani mara moja moja. Sasa Achieng' alikuwa amepoteza mimba mbili akiwa kule, peke yake, bila mtu wa kumshika mkono. Mara zote mbili nililia naye kwa simu. Mimi mama yake nilikuwa nafuta machozi dukani, mteja anangoja misumari.

Mwaka huu akanipigia. "Mama, niko na mimba tena. Daktari anasema Desemba."

Ndugu zangu, niliapa mbele za Mungu. Desemba lazima niwe kule! Lakini tiketi ya ndege? Pesa yangu yote iko ndani ya mabati.

Hapo ndipo nilipata habari ya ile kadi. Benki huko Homa Bay ilikuwa imeleta kadi mpya ya mkopo. Unanunua vitu nayo, inakupatia pointi, na pointi zikijaa unapewa kiti kwa ndege. Na kulikuwa na zawadi ya kuanzia: ukinunua vitu vya kutosha miezi mitatu ya kwanza, unapata pointi nyingi kwa mara moja. Nikasema huyu ni Mungu!

Rafiki yangu Boke, anauza mahindi kule Ntimaru, yeye alikuwa ameshachukua yake. Akaniambia, "Dada, unangoja nini? Chukua leo! Hii zawadi wataiondoa." Roho yangu ikaruka. Nikafunga duka, nikaenda Homa Bay.

Pale benki nilimkuta msichana anaitwa Nereah. Aliangalia mambo yangu kwa kompyuta, halafu akaniangalia mimi. "Mama, usiombe leo."

Nikashtuka. Mtu wa benki anakataa mteja?

Akanieleza polepole. "Bado unalipa loan ya pikapu, inaisha Julai. Ukiomba sasa utakataliwa, na ukikataliwa utakaa muda mrefu kabla ya kuomba tena. Na hata ukipewa, huu si msimu wako wa kununua bidhaa. Ile miezi mitatu itaisha kama hujafikisha kiwango. Ngoja umalize loan. Omba kabla tu ya kuagiza mabati ya watu wanaojenga baada ya mavuno."

Ndugu zangu, nilitoka pale nimechanganyikiwa. Boke anasema sasa. Nereah anasema ngoja. Na tumbo la Achieng' linakua! Nilileta jambo hili kwa maombi ya akina mama, na wengine mlicheka. Ndiyo, mlicheka! Mkasema Perez anaombea kadi ya benki. Mimi nikaendelea kuomba. Nilimwambia Mungu, "Baba, mimi sijui saa. Wewe unajua."

Nilipata amani kwa upande wa kungoja. Boke naye akanipigia akiwa na uchungu: muda wake ulikuwa umeisha kabla hajanunua vya kutosha, zawadi ikapotea. Julai nikamaliza loan. Nikaomba kadi, nikapewa. Nikaagiza mabati ya msimu mzima nayo, nikayauza, nikalipa benki kabla riba haijaingia. Pointi zikaingia zote! Nilicheza mbele ya duka mpaka watu wa sokoni wakasimama kuangalia.

Sasa sikieni mahali nilipovunjika moyo. Nereah alinisaidia kutafuta kiti cha Desemba. Hakuna! Viti vya pointi vya Desemba vilikuwa vimekwisha vyote. Novemba, hakuna. Kilichobaki kilikuwa cha Oktoba.

Nilimkasirikia Mungu, sitawaficha. Nilisema, "Nimeomba, nimengoja, nimetii, halafu unanipa Oktoba?" Achieng' mwenyewe alinishangaa kwa simu. "Mama, Oktoba utafanya nini huku? Mtoto ni Desemba." Nikakaa kitandani nikalia. Bwana yangu, mnajua si mtu wa maneno mengi, akaja akakaa kando yangu.

"Min Achieng', mama wa mtoto huyu," akasema, "nenda. Utampikia kuon, ugali wetu, utamfulia nguo. Ukirudi, utakuwa umemwona."

Basi nikaenda. Mara yangu ya kwanza kupanda ndege! Achieng' alikuwa ameahidi kunipokea. Nilitoka nje nikiwa na mzigo wangu wa samaki omena na unga, nikaangalia kila uso. Achieng' hayuko. Nikapiga simu, inalia tu. Nikapiga tena. Inalia tu.

Nilichukua teksi nikamwonyesha dereva jina la mtaa. Tukafika mchana, jua kali. Askari wa geti akaniambia Achieng' hajatoka siku hiyo. Tulipanda ngazi naye, tukabisha mlango. Kimya. Nikaita kwa nguvu zangu zote, "Achieng'! Achieng' nyathina, mtoto wangu!"

Ndani nikasikia kitu. Si neno. Ni kama mtu anakoroma vibaya.

"Vunja!" nikamwambia askari. Akasita, mlango si wake. "Vunja! Huyo ni mtoto wangu!"

Akavunja.

Bwana wangu na Mungu wangu! Achieng' alikuwa sakafuni amevaa kiatu kimoja, mkoba begani, alikuwa anatoka kuja kunipokea. Macho yamegeuka juu. Mdomo una povu. Mwili wote unaruka. Nilianguka juu yake nikiita jina la Yesu, sijui niliita mara ngapi. Yule askari na dereva wa teksi, aliyekuwa bado getini, walimbeba mpaka gari.

Hospitali walisema ni presha ya mimba, imempanda mpaka kwa kichwa. Wakamkimbiza kwa upasuaji. Niliachwa kwenye kiti na kile kiatu mkononi. Sikuweza hata kuomba. Nilikuwa nasema "Baba" tu.

Daktari akatoka. Akaniuliza nani alimpata. Nikasema mimi. Akaniuliza naishi naye? Nikasema hapana, nimetoka Kenya, nimefika leo. Yule daktari alivua kofia yake ya upasuaji. Halafu akasema, "Mama, kama hangepatikana leo mchana, tungewapoteza wote wawili."

Wote wawili! Ndugu zangu, nilikaa chini kwa sakafu ya hospitali, mtu mzima, na watu wanapita. Ningemsikiliza Boke, benki ingenikataa, nisingekuwa na kiti. Ningepata Desemba niliyoililia, ningepanda ndege kwenda kwa mazishi. Mungu alininyima Desemba! Nilikuwa nimemkasirikia kwa sababu alikuwa ananiokolea mtoto!

Walinipeleka kumwona mjukuu. Msichana. Watu wa ziwa, mimi nimeona samaki mbuta wengi wakubwa kuliko yule mtoto. Lakini alikuwa anapumua. Alikuwa anapiga teke!

Siku iliyofuata Achieng' alifungua macho. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, uko hapa? Ni Desemba tayari?"

Nikamwambia, "Hapana, nyathina. Ni Oktoba. Na mtoto wako yuko hai."

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia mchukue kadi. Kadi ni plastiki, na asiyejipanga itamla. Ninamshukuru Mungu aliyejua siku ambayo mimi sikuijua, na daktari pia hakuijua. Kama kuna mtu hapa ameomba kitu akapewa tarehe asiyoitaka, mlango asioutaka, na leo amekuja kanisani na hasira, mimi simlaumu, nilikuwa na hasira hiyo hiyo. Njoo hapa mbele, tushikane mikono. Mwamini ukiwa bado unalia. Njoo.