Madumu ya Mazoezi

Mwaka ule Warundi walipokimbilia Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya ziwa, nilipanda boti ya kwenda huko pamoja na mwalimu mmoja wa mtaa wa Mwanga pale mjini, mtu wa kuja kutoka Kilimanjaro, aliyepakata kisahani cha plastiki. Mama aliyekaa karibu naye alimuuliza ni cha kulia nini.

"Ni cha mchezo, mama. Unakirusha kwa mbali mpaka kiingie kwenye kikapu cha minyororo. Naenda kuwafundisha watoto wa wakimbizi."

Watoto wale hawakuwa na sahani za kulia, lakini mimi sikuulizwa.

"Wewe mwenyewe unakifikisha?"

"Bado, mkono hauna nguvu. Kila asubuhi najaza madumu mawili, nayanyanyua mpaka jasho linitoke."

"Halafu?"

"Halafu nayamwaga."

Mama akageuka mzima. "Unamwaga maji ya bomba? Mwalimu, wenzio kule wanakunywa maji ya ziwa lilelile wanamojisaidia. Wanahara mpaka wanakufa!"

"Sasa mama, nisipoyamwaga mimi, ndiyo yatawafikia?"

Boti ikagusa mchanga. Hapo mama akainamia madumu yake mawili ya maji, na mwalimu, kwa sauti ya chini, akaomba amsaidie kubeba moja.

"Chukua hilo la bluu," alisema mama. "Lilikuwa la kumletea mdogo wangu, aliolewa Burundi. Habari za kifo chake zimenikuta leo asubuhi nimeshalijaza."