Neno Alilolisema Mkwe Wangu

Sogeeni wanangu, zimeni hiyo redio, na wewe mkwe wangu acha vyombo uje ukae hapa kitandani, upande wa miguu, maana imekufa ganzi na hata ukiikalia sitajua.

Mnajua nilifua mashuka ya hospitali ugenini ujana wangu wote, na kila mwezi wakakata kipande cha mshahara wakaniwekea, na niliporudi nyumbani nikaiacha akaunti kulekule, iniletee pensheni kidogo kidogo. Mkubwa wenu alitaka niitoe yote kwa mkupuo tujenge vyumba vya kupangisha. Nikamwambia serikali ya kule itaimega kwa kodi, na kuku wa mayai hachinjwi kwa njaa ya siku moja. Akanuna, na kununa kwake kukaja kumwangukia mtu mwingine.

Wale watu wa pensheni kila mwaka hupiga simu, na mkalimani kando, kuhakikisha mwenye pensheni bado anapumua. Mwaka jana walipiga nikiwa kwa kinyozi. Mkwe wangu huyu, mke wa kitinda mimba, akapokea na unga mikononi, akaulizwa kama nipo, akajibu kwa adabu zake, "Mzee hatunaye." Alitaka kusema nimetoka. Mkalimani naye, kwa kuwa anaijua lugha, akawaambia nimefariki, na mfereji ukafungwa.

Nilipopiga mwenyewe kuuliza, binti wa ofisini akadhani mimi ni mmoja wenu, akanipa pole kwa kufiwa na baba. Nikamwambia asante. Sikucheka wala sikukasirika, wanangu. Nilikaa na simu mkononi kama niliyesikia habari za jirani, na mpaka leo moyo uko vilevile. Hata wakili aliyegonga muhuri kwamba mimi ni hai aliniangalia akauliza kama nina hakika, mkacheka nyote isipokuwa mimi.

Pensheni ilirudi, lakini salamu hazikurudi. Wewe mkubwa, tangu siku ile humwiti huyu shemeji, unamwita "yule", na kila chai ikiandaliwa unairusha methali yako ya heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Yeye alijikwaa mara moja, hakujua. Wewe unajikwaa kila asubuhi, tena kwa kusudi. Mtake radhi nikiwa bado nasikia.

Nipeni maji kidogo. Basi, yanatosha.

Nyumba hii ni ya wote, isiuzwe. Pensheni inakwisha nami, kwa hiyo nikiondoka msinifiche ili iendelee kuingia, na wewe kitinda mimba, nakujua, usije ukaigiza kikohozi changu kwenye simu. Nimeshakuwa maiti nikiwa hai. Sitaki kuwa hai nikiwa maiti.

Radhi zangu mnazo, nyote, bila kinyongo. Mungu awaweke pamoja, awape... awape subira ya kuvumiliana.

Na ile simu ikilia, mtu mwingine asiiguse. Apokee mkwe wangu. Aseme neno lake lilelile, pole pole, safari hii hatakuwa amekosea. Na wewe mkubwa usimame kando yake.

Umesogea? Sioni vizuri. Mwite basi. Mwite shemeji... nisikie.