Shangazi Ardith Hakuwa Mdau

Wasikilizaji wapendwa, leo msitegemee sauti ya kubembeleza. Jumamosi tumemzika Shangazi Ardith Charley. Umri wake miaka sabini na mitano. Amekufa akisubiri leseni.

Alikuwa na miaka tisa serikali ya shirikisho ilipoipa kampuni ya umeme leseni ya kuuziba Mto Skelat, mto wa kabila letu, kwa Bwawa la Korbin. Leseni ya miaka hamsini. Mwaka uleule ukuta ulipouziba mto, baba yake alimpeleka kuwatazama samoni, samaki wanaopanda mto kwenda kutaga, wakijigonga kwenye zege, wakirudi nyuma, wakijitupa tena.

"Baba, mlango wao uko wapi?"

"Wamesahau kuuweka. Leseni ikiisha, tutawakumbusha."

Basi akasubiri. Miaka hamsini, wasikilizaji! Leseni ikaisha, tukashangilia. Sasa kampuni itaomba mpya, na sisi tutadai ngazi ya samaki, wapate pa kupandia. Serikali ikafanya nini? Ikasema maombi bado yanachunguzwa, ikaiongezea kampuni mwaka mmoja. Mwaka uliofuata, mwingine. Wameongezewa mara kumi na sita! Umeme unauzwa, samaki hawapiti. Mimi hilo nalikasirikia, na sitaomba radhi.

Shangazi hakukosa hata kikao kimoja cha serikali cha kusikiliza maoni. Binti yake Roberta anasema: "Mama alikuwa anavaa shali yake ya sherehe, anafunga samoni mkavu wa kula njiani. Na alikuwa anaona aibu, maana samaki mwenyewe wa dukani."

Katika kikao cha mwisho, mwenyekiti alisema, "Tunawashukuru wadau wote. Bibi, una dakika tatu."

"Mdau ndiye nani?" Shangazi akauliza.

"Yeyote anayeguswa na mradi. Ninyi, wenye boti za starehe, wote."

"Haya, kijana. Ukirudi nyumbani ukute mtu kalala kitandani kwako, na wewe utakuwa mdau wa hicho kitanda?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kengele ikalia, dakika zimekwisha. Shangazi alirudi kwenye kiti amenuna. Kicheko kile kilimuudhi kuliko kengele, kwa sababu yeye hakuwa anatania.

Alianguka jikoni Jumanne iliyopita, akimenya viazi. Moyo. Jana, siku mbili baada ya mazishi, barua ikaja. Roberta alinisomea kwa simu: "'Mdau Mpendwa Ardith Charley, unaalikwa kutoa maoni.' Mpendwa, eti! Wamempenda tangu lini?"

Nami nimewaita ninyi wapendwa miaka ishirini hapa redioni. Leo nimelitamka mwanzoni kwa mazoea, na silirudii.

Roberta, wajukuu, ukoo wote wa Charley, poleni sana. Mama yenu alikuwa wetu sote.

Sasa tafakarini jambo moja. Kikao ni Alhamisi ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi. Barua inasema kila atakayejiandikisha atapewa dakika tatu. Watu wazima wa kabila letu tuko mia nne na kumi na wawili. Nimepiga hesabu: ni zaidi ya saa ishirini. Wenye kikao waje na mito ya kulalia, maana mto wetu wameshauchukua.

Na ukikabidhiwa kipaza sauti, usianze na shukrani. Anza na lile swali la mtoto wa miaka tisa. Mtu wa kwanza aulize, na wa mia nne na kumi na mbili aulize: mlango wao uko wapi?