Mkate Uliorudi wa Moto

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lenye miguu mitatu na tofali, limeegemea ukuta wa kibanda cha fundi viatu. Kila jioni dunia hutengenezwa hapa, na kila asubuhi tunaikuta imeharibika tena. Fundi viatu mwenyewe tunamwita Jaji, kwa kuwa hukumu yake hutangulia kesi. Pembeni yake hukaa Nusu Chuo, muuza kava za simu, aliyesoma muhula mmoja tu, na tangu hapo sisi ndio tunaoulipia. Kahawa humimina Shangazi, ambaye hana jina la utani kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpa. Jioni hiyo Risasi, dereva wa gari la mikate, alikuja bila salamu, akakaa, akakishika kikombe kwa mikono miwili kama usukani.

— Swahiba wangu anaondoka kesho alfajiri, akasema. Na tangu jana hanisemeshi.

— Swahiba yupi? Jaji aliuliza, sindano mdomoni.

— Niliyelala naye kitanda kimoja shule ya bweni. Miaka yote namwambia kwenye simu: njoo, nikuonyeshe bahari, hujawahi kuiona. Safari hii kaja, na mkewe. Jana nikawatembeza barabara yote ya pwani, tukarudi kwa njia ya mashambani. Kufika nyumbani, kimya. Kala kimya. Leo nasikia zipu za mabegi. Akiondoka hivi, huyu harudi tena.

Jaji aliitoa sindano mdomoni ili aweze kudharau vizuri.

— Wageni! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umempa gari. Umemharibu mwenyewe.

— Tueleze kitaalamu, Nusu Chuo akasema. Ulikosea wapi?

— Sijakosea popote! Niliwapakia asubuhi kiti cha mbele, tukabanana watatu. Nikabeba na mkate umetoka tanuri sasa hivi, wa njiani. Jamani! Nimeimaliza pwani, nimemaliza vilima, nimemaliza mashamba, naingia nyumbani, mkate bado wa moto!

— Wa moto kabisa?

— Ukipaka siagi inateleza.

Benchi likapiga makofi. Tofali likayumba.

— Huyo ndiye dereva, Jaji akasema. Wengine wale wanapunga upepo tu.

Shangazi hakupiga makofi. Alimimina, na alikuwa na namna ya kumimina iliyotosha kuwa maoni.

— Mkate mbona hamkuula? akauliza.

— Tungeula wapi, Shangazi? Kwa mwendo ule ungewapalia.

— Sasa wananuna nini?

— Shemeji ndiye aliyeanza. Alisema, "Jamani, oneni wale ng'ombe!" Nikamwambia, shemeji, ng'ombe gani? Tumeshawaacha. Akataka kufungua dirisha, apate upepo. Nikamkatalia, vumbi lile!

— Sawasawa, Jaji akasema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Swahiba naye akaomba kushuka, eti kuna kilima amekipenda. Nikamwambia vumilia, tunakaribia.

— Mnakaribia wapi? Shangazi akauliza.

— Kufika.

— Kufika wapi?

— Nyumbani, Shangazi! Safari ni kufika.

— Haraka haraka haina baraka, mwanangu.

— Hiyo ni ya watembea kwa miguu, Nusu Chuo akamsahihisha. Baraka ya gari iko kwenye injini. Mimi nimeshajua tatizo. Ni hewa. Mapafu ya bara hayakuzoea hewa safi. Ikiingia ghafla, inausukuma ulimi nyuma. Mtu hanuni, amebanwa.

— Na dirisha lilikuwa limefungwa, Shangazi akasema.

— Hewa ya pwani inapita kwenye kioo! Muhula mzima tulisoma hilo.

— Hewa gani? Jaji akacheka kwa pua. Hao walikuja kutafuta kiwanja. Urafiki ni kisingizio. Wamepiga hesabu, wamekuta ufuko wote una wenyewe, sasa wamenuna. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wao waliketi kiti cha mbele.

— Hata sio kiwanja, Risasi akasema. Ni wivu wa gari.

— Ni chumvi! Nusu Chuo akasema. Chumvi ya bahari hukausha maneno. Kamuulize samaki kwa nini hasemi.

Wakati huo mtu mrefu akaja, koti begani, akisoma sura zetu moja moja.

— Hamjambo, ndugu zangu. Aa, Swahiba, uko hapa.

Risasi akasogea kumpisha. Mgeni hakukaa.

— Nina swali dogo. Tumebishana na shemeji yako kutwa. Mama yake anapiga simu leo, anataka asimuliwe. Jana tulipokuwa tunakwenda, bahari ilikuwa upande gani? Mimi nasema kulia. Yeye anasema hatukuipita kabisa.

Risasi alifungua kinywa.

— Ilikuwa... ukivuka daraja kuna shimo, unalikwepa kushoto. Halafu tuta. Halafu kona mbaya, unapiga honi. Sasa bahari iko...

Aliinua mikono, akashika usukani usiokuwepo. Akakata kona kushoto, akakata kulia. Mikono ikabaki hewani.

— Kulia, Jaji akamnong'oneza.

— Inategemea kama maji yamejaa, Nusu Chuo akasema.

— Kushoto, basi, Jaji akasema.

Risasi aliitazama mikono yake. Kisha akaiteremsha, akaweka kikombe chini kikiwa kimejaa.

— Swahiba, kamwite shemeji.

— Saa hizi? Na mikate ya jioni?

— Leo wateja wataila baridi.

Baadaye kidogo gari la mikate lilipita mbele yetu, madirisha yote wazi, mwendo wa mtu anayebeba mayai kichwani. Baiskeli ikalipita. Mkono wa shemeji ulikuwa nje ukicheza na upepo, na mkononi mkate, umemegwa nusu.

— Mwisho wa dereva huo, Jaji akasema. Kesho atapitwa na konokono.

— Wageni wamemroga, Nusu Chuo akasema.

— Lakini hebu, Jaji, akaongeza. Kweli bahari iko upande gani?

— Kule.

— Kule? Ni huku!

Shangazi aliinamisha birika. Likatoa tone moja, likanyamaza. Akakusanya vikombe, akaondoka, akituacha watu wazima tumeelekeza vidole, kila mmoja upande wake, na hakuna hata mmoja aliyeinuka kwenda kuangalia.