Chupa Thelathini na Saba

Wapendwa mliokuja kutushika mkono, mimi ni mtoto wa kwanza wa marehemu, nimesimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya baba yetu, mchora herufi, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Wino, na kwanza nawaomba radhi kwa karatasi za ratiba mlizoshika, zina aina tano za herufi na kichwa kilichopinda kama upinde, kwa jinsi nilivyomjua, kama angeweza kuinuka angezikusanya zote kwanza ndipo akubali kuzikwa.

Ndani ya historia hii kuna ukurasa mmoja aliouandika mwenyewe, akaagiza usomwe mbele ya watu bila kurukwa hata mstari. Jana mchana baba zangu wadogo walinisihi niuache nyumbani, wakasema aliyelala usimwamshe, wakauliza mambo ya miaka karibu arobaini yana faida gani kuyafukua siku kama hii, na mimi nawaheshimu, lakini ukurasa nimekuja nao, uko hapa chini ya karatasi nyingine, na tutaufikia.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1946, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya fundi viatu, yaani babu yetu, akiwa mtoto wa pili kati ya sita, na shangazi aliyeketi pale mbele anasema alijifunza herufi kabla ya kwenda shule, kwa kutazama majina ya wateja ambayo babu aliyaandika kwa chaki kwenye nyayo za viatu.

Alianza shule ya msingi Januari 1953 na kumaliza Novemba 1960, akaendelea na sekondari kwa miaka mitatu, na huko alipewa kazi ya kuandika ratiba ya mitihani kwenye ubao wa mlangoni, akaiandika kwa mikunjo na mapambo mengi kiasi kwamba darasa zima lilisoma saa ambayo siyo, likakosa mtihani wa hesabu, naye akapata viboko vinne. Kisa hicho alikisimulia kila mgeni alipokuja, akicheka mpaka machozi, hadi mwaka 1985, baada ya hapo hakukisimulia tena na sisi hatukumwomba.

Tarehe 6 Januari 1964 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja, chini ya mpanga herufi mkongwe aliyeitwa Mzee Risasi, kwa sababu siku nzima alishika herufi za risasi na vidole vyake havikutakata hata kwa sabuni ya kufulia. Mzee huyo hakumruhusu kugusa herufi kabla hajajua zilikotoka, basi miezi minne ya kwanza marehemu alifagia sakafu huku akisimuliwa jinsi Warumi walivyochora herufi kwa brashi bapa juu ya jiwe ndipo patasi ifuate, zikabaki na visigino miguuni, jinsi watawa walivyonakili vitabu kwa kalamu ya unyoya juu ya ngozi, na kwa kuwa ngozi haikuwa rahisi kupatikana wakazibana herufi mpaka ukurasa ukawa mweusi, umebanana kama uzio wa miti, jinsi herufi za kwanza za risasi zilivyoiga mkono wa watawa hao, kwa sababu chombo kipya huanza kwa kuiga cha zamani pamoja na makosa yake, na jinsi baadaye wachongaji wa sahani za shaba walivyoleta mstari mwembamba kama unywele, mpaka zikazaliwa herufi zenye unene upande mmoja na wembamba upande wa pili, nzuri ajabu. Hizo za mwisho ndizo zilizomteka baba. Mzee Risasi alimwonya waziwazi, akamwambia, “Hizo ni za kutazamwa, kijana, si za kutumwa kazi. Ukizituma, ipo siku zitakuangusha.” Baba aliitikia ndiyo mzee, kisha akazichagua kila alipopewa nafasi.

Tarehe 17 Aprili 1971 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, ambaye yupo hapa, na ambaye mpaka leo anasema alichumbiwa kwa barua nzuri sana iliyombidi aipeleke kwa jirani kusaidiwa kuisoma. Walijaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1973, mdogo wangu fundi umeme mwaka 1976, na kitinda mimba wetu, msichana, tuliyemwita Kidoti, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1981 na kufariki Jumapili tarehe 9 Juni 1985, akiwa na umri wa miaka minne. Kila lilipozikwa jeneza katika ukoo huu, kifo cha Kidoti kilitajwa kuwa ni homa ya ghafla, na watu wazima waliokijua kisa chenyewe walitazama chini. Ukurasa wa baba unaanzia hapo, nami nausoma kama alivyouandika.

“Mwaka 1983 kiwanda cha dawa kilinipa kazi ya kuchora lebo za chupa sita, zote za kioo cha kahawia, zote za kipimo kimoja. Nilitaka zifanane kama watoto wa tumbo moja. Jina la kiwanda nililiweka juu, kubwa, kwa herufi zangu nilizozipenda, na jina la dawa nikaliweka chini, dogo, katikati ya maua. Onyo la dawa ya kuchua, kwamba isinywewe, nililiandika kwa herufi nyembamba nyeupe juu ya rangi nzito, na mashine ilipochapa, wino ulizifunika. Niliona kwenye prufu, karatasi ya kwanza ya majaribio, kwamba zimefifia. Nikasema mnunuzi atakuwa na macho. Lebo zile zilinipatia tuzo, cheti nikakitundika sebuleni. Chupa mbili tulizopewa zawadi, ya kikohozi na ya kuchua, tuliziweka kabatini, bega kwa bega. Tarehe 9 Juni 1985 mama watoto alikwenda kumwangalia dada yake aliyelazwa. Kidoti alikuwa na mafua na kikohozi. Nilifungua kabati, nikachukua chupa, nikampa vijiko viwili. Ilikuwa ya kuchua. Alasiri alianza kuhema mbiombio, tukakimbia naye hospitali, na jua lilipozama sikuwa naye. Watu walinipa pole, wakaniambia ajali haina kinga. Hii ilikuwa nayo. Ilikuwa mezani kwangu, kwenye prufu, nikaipitisha. Msiseme tena kwamba ilikuwa homa.”

Huo ndio ukurasa wake, na baba zangu wadogo wanisamehe.

Baada ya mazishi ya Kidoti marehemu alikishusha cheti, akaenda kiwandani kuomba dawa ya kuchua iondolewe, akaambiwa lebo hiyo inapendwa na wateja, akarudi siku ya pili, na ya tatu, akawa anakaa kwenye benchi la mapokezi kuanzia asubuhi bila kugombana na mtu, mpaka siku ya kumi na moja meneja alipochoka kupita mbele ya uso ule, akakubali. Chupa za kuchua zilikuwa elfu tatu, na kila lebo ilikuwa na namba yake, kwa kuwa kiwanda kilitaka hivyo, basi zile zilizokuwa bado madukani na ghalani, elfu moja mia tisa na kumi na mbili, ziliteketezwa, zikabaki elfu moja na themanini na nane mikononi mwa watu. Hizo alianza kuzitafuta mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akiwa na mfuko wa turubai na picha ya lebo, akibisha hodi na kusema jambo lilelile, “Samahani, mama, naomba unifungulie kabati la dawa, nilikosea mimi.” Wako waliomwona mwizi, wako waliomwona amerukwa na akili, na sisi watoto, niseme ukweli, tulikuwa tukivuka barabara tukimwona anakuja na mfuko ule.

Mwaka 1988 aliacha kiwanda cha uchapaji, akaanza kufundisha katika chuo cha ufundi, na somo lake wanafunzi walilibatiza Darasa la Makosa, kwa kuwa hakumpokea mwanafunzi asiyekuja na kosa mkononi, la kwake au aliloliokota, iwe ni mshale wa wodi unaowapeleka wagonjwa stoo, au vitufe vya lifti vilivyopangwa kinyume. Aliwaambia kufanya kosa si kosa, kosa ni kulirudia, halafu akaongeza la kwake, kwamba kosa ukilificha unampa mwenzako kazi ya kulirudia kwa niaba yako. Kila mwaka, wiki ya kwanza, alipanga zile chupa sita juu ya meza, akazijaza maji, akamwita mmoja mmoja achukue ya kikohozi ndani ya sekunde tatu. Wanafunzi wake mliopo hapa mnakumbuka, mlikuwa vijana wenye macho mazima, mmeshaonywa, mchana kweupe, na kwa miaka ishirini na mitatu haukupita mwaka bila wawili watatu kunyakua ya kuchua. Baba aliipokea ile chupa bila kumkaripia mtu, na yule aliyekosea alirudi kwenye kiti chake.

Mimi hakuniruhusu kuingia darasani humo siku hiyo, hata nilipokuwa mtu mzima, hata nilipoomba.

Alistaafu mwaka 2011, akaendelea kutafuta. Mwaka 2019 alipata chupa mbili kwa siku moja, moja ilikuwa kwa fundi bomba, nyingine kwa bibi mmoja aliyekuwa akiitunza nyuma ya redio kwa sababu ya uzuri wake, wajukuu wakiichezea. Siku hiyo alirudi nyumbani akashindwa kula. Machi 2022 figo zake zilianza kuchoka, akawa anakwenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na muuguzi aliyemhudumia anajua kwamba hakumeza kidonge bila kuisoma pakiti mara tatu kwa sauti, kisha akampa muuguzi naye asome. Hali yake ilibadilika Januari mwaka huu, akalazwa, na Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, akaaga dunia akiwa na umri wa miaka sabini na saba, ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, ambao walivumilia maoni yake juu ya kila kibao cha ukutani, tunawashukuru majirani mliotuletea viti na kutupikia bila kuombwa, tunawashukuru wachapaji, walimu na wanafunzi wake mliombeba leo mabegani. Na kwa kuwa mko wengi, na wengi mmetoka mbali, niwaambie kwamba chupa alizozipata ni elfu moja na hamsini na moja, zimebaki thelathini na saba, na sisi hatujui ziko wapi. Hazichachi wala haziozi. Zinaweza kuwa kwa marehemu bibi yako, kwenye sanduku ambalo hamjalifungua tangu msiba, zinaweza kuwa juu ya kabati unaloliona kila siku. Mkifika nyumbani, kabla hamjavua viatu, tafadhali angalieni, na aliye na mtoto mdogo asingoje kufika, apige simu sasa.

Historia iliyoandikwa inaishia hapo. Lakini baba alitulea tukijua kwamba prufu yenye kosa haitoki mlangoni, na ukurasa wake niliousoma una kosa, nalo nalifahamu mimi peke yangu, au ndivyo nilivyodhani.

Si yeye aliyefungua kabati. Jumapili ile alikuwa mezani, ameinamia herufi, akanituma bila kuinua kichwa, akasema, “Mpe mwenzio ya kikohozi, vijiko viwili.” Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nilijua kusoma vizuri, nilikuwa wa tatu darasani. Mimi pia nilikuwa na mafua, sikusikia harufu. Kidoti alionja, akakunja uso, akaniambia, “Dada, inachoma,” nami nikamwambia dawa zote zinachoma, meza, akameza kwa kuwa aliniamini, nikampa na kijiko cha pili. Hospitali daktari alipouliza nani aliyempa, baba alinitangulia kujibu. Alijibu hivyo kwa daktari, kwa polisi, kwa ukoo, kwa mama, na juzi nilipofungua bahasha nikakuta amejibu hivyo na kwenu, kwa mwandiko safi, bila kufuta neno.

Leo asubuhi nilimweleza mama yote. Alikuwa anafunga kitambaa kichwani, hakugeuka, akasema, “Mwanangu, nilijua siku ileile. Baba yako hakuwahi kujua dawa zinakaa kabati gani.”

Baba, mzigo huu umeubeba miaka thelathini na minane, na haukuwa wako wote. Sehemu yangu nipe. Pumzika kwa amani.