Afande Ogwang na Bitiruti Zake za Kalerwe

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025, Mzee Saverio Ogwang, Mkaguzi Mkuu wa Mabomba katika idara yetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Kadi ya mwaliko ilisema sherehe itafanyika katika ukumbi mpya, ghorofa ya tatu, penye feni sita. Wewe unayesoma ratiba hii umeketi kwenye hema, katika maegesho ya ofisi ya zamani, na huenda kiti chako kina mguu mmoja mfupi. Usimlaumu aliyekodi hema. Mwenye makosa ni mstaafu mwenyewe, na nitaeleza.

Kwanza lugha. Taarifa zetu huandikwa kwa Kiingereza. Afande, kama tunavyomwita ingawa hajawahi kushika bunduki, aliomba wasifu wake uwe wa Kiswahili kwa sababu alizaliwa katika kambi ya jeshi ya Mbuya, baba yake akiwa koplo, na hii ndiyo lugha aliyochezea mpira. Mimi nadhani alikuwa na sababu nyingine pia, nayo utaiona mbele. Nimefanya naye kazi miaka tisa na ameniambukiza. Siku hizi kila jambo nalitafutia sababu ya pili.

Alianza mwaka 1991 akichimba mitaro ya mabomba, akawa fundi, akawa msimamizi, kisha mkaguzi. Katika muda wote huo hakuna mtu aliyemwona akiamini kitu mara moja. Akiambiwa mkubwa hayupo, hupita kwanza kugusa boneti ya gari lake kama bado lina joto. Mkewe, Mama Celestine, anasimulia kwamba hata siku ya ndoa yao bwana harusi alichelewa kuingia kanisani kwa kuwa alikuwa nje anakagua mifereji ya paa. Padri alingoja.

Miaka sita iliyopita ikaja kanuni iliyompa tabia hiyo kazi ya kudumu. Kila jengo jipya la ghorofa liwe na mabomba ya aina mbili: moja la maji safi, na jingine la zambarau la maji ya mara ya pili, yaani yale ya kuogea na kunawia ambayo husafishwa chini ya jengo, kisha hurudishwa juu kwa ajili ya vyoo na bustani tu. Wajenzi hawakuipenda. Wapo waliopaka bomba rangi ya zambarau na kuliacha liishie ukutani bila kuunganishwa na chochote. Katika jengo moja karibu na mtaa wa maduka wa Kikuubo, Afande alilivuta bomba la namna hiyo kwa vidole viwili, likaja lote, pamoja na kipande cha dari na mjusi aliyekuwa amejilalia. "Mimi hapana amini bomba," akamwambia mwenye jengo kwa Kiswahili chake cha kambini. "Mimi naamini mdomo ya bomba."

Njia rasmi ya kupima ni unga wa kijani kutoka stoo yetu. Unaumimina katika tangi la maji ya mara ya pili, halafu unatembea kuona rangi itatokea wapi. Ikitoka chooni, heri. Ikitoka jikoni, mabomba yamechanganywa na watu watakunywa maji ya kuogea. Afande aliutumia unga huo mwaka mmoja tu, kisha akauacha bila kumweleza mtu. Akaanza kufika kwenye majengo na madumu ya maji ya bitiruti, viazi vyekundu vilivyochemshwa, yale yale ambayo akina mama hunywa kuongeza damu. Hupunguza maji ya tangi mpaka yabaki ya kufika kwenye ugoko, humimina wekundu wake, kisha huenda bomba kwa bomba na kikombe cheupe cha bati.

Siku ya kwanza mafundi walipomwona mzee juu ya paa akimwaga kitu chekundu huku midomo ikicheza, walitupa miko wakashuka. Alikuwa anahesabu lita. Msimamizi wao, Uthman, akamwita sheikh, na kwa kuwa nusu ya mafundi ni Wakristo akamwita na mchungaji. Wote wawili walifika, na Afande akawapa kazi ya kushika kikombe, mmoja upande wa kushoto wa jengo na mwingine wa kulia. Ukaguzi huo ulimalizika mapema kuliko wowote.

Mimi nilimshuku vingine. Gunia la mboga nyuma ya gari la ofisi, kila baada ya siku chache, nililiona ni zawadi za wajenzi. Mkuu wetu, Bwana Wahabi, naye alikuwa na wasiwasi, akaniomba nimwangalie kimyakimya. Jumamosi moja nikamfuata hadi soko la Kalerwe, nikajibanza nyuma ya rundo la kabichi. Alisimama kwa mama mmoja, akawa anakwaruza kila bitiruti kwa ukucha, ananusa, anarudisha, anachagua, analipa kwa mfuko wake. Kisha, bila hata kugeuka, akamwambia yule mama aongeze moja ya yule madamu aliyejificha kwenye kabichi. Niliripoti kwamba sikuona kitu. Aibu ile sijaimaliza mpaka leo.

Sasa turudi kwenye hema. Jengo letu jipya lilikamilika mwezi Juni. Kampuni iliyolijenga ilituletea barua kwamba majaribio ya rangi yamefaulu, na video kwenye simu kama ushahidi: mabomba yanafunguliwa, maji meupe, mtu anatabasamu. Kilichobaki kilikuwa sahihi ya Afande, bila hiyo hakuna anayeruhusiwa kuhamia. Alienda kupima, akaambiwa pampu imeharibika. Akaenda tena, akaambiwa tangi linaoshwa. Agosti ikafika, kadi za mwaliko zikachapishwa, sahihi hakuna.

Nitasema wazi tuliyokuwa tunanong'ona, maana wengi wenu mlikuwemo. Tulisema anataka aongezewe mkataba. Tulisema ana kinyongo kwa sababu katika jengo jipya hakuna mlango wenye jina lake. Wengine walisema anangoja apakwe mafuta, yaani apewe chochote. Jumatatu iliyopita nikatumwa mimi kumlainisha. Nilimpelekea faili likiwa limefunguliwa kwenye ukurasa wa sahihi, kalamu juu yake, nikamwambia kwamba akiondoka bila kusaini watu watamkumbuka kwa ubaya. Hakukasirika. Aliniuliza kama nimewahi kuona Anselme anateka maji wapi.

Anselme ni mzee wa Kikongo kutoka Bukavu, mlinzi wa jengo lile tangu msingi. Pale uani kuna mabomba matatu, hatua kumi kutoka kibanda chake. Lakini kila asubuhi, Afande aliona, Anselme anavuka barabara na dumu, ananunua maji kwa jirani. Afande hakumuuliza kama maji ya jengo ni mabaya, kwa sababu mtu anayeogopa kupoteza kazi atasema ni mazuri. Alimuuliza tu chai yake anapenda kuipikia maji ya bomba lipi. Anselme akatazama geti, akasema anamshukuru Mungu, chai anapata.

Jumatano tulienda na madumu manne ya bitiruti. Safari hii Afande alifika alfajiri, akalala kabisa juu ya mfuniko wa tangi mpaka wajenzi walipokuja, ili asikute tena likioshwa. Tukapima vyoo vyote: vyekundu, kama inavyotakiwa. Jiko la chini, jiko la juu, sinki za ofisi, mabomba ya uani: meupe. Ghorofa ya tatu watu wakaanza kupeana mikono. Bwana Wahabi alikuwa tayari kwenye simu na watu wa viti.

Afande akauliza kuhusu mlango mdogo ubavuni mwa ukumbi. Msimamizi wa kampuni akajibu kwamba ni stoo, haina bomba, na ufunguo umepotea. Kwenye ramani hicho ni chumba cha akina mama wanaonyonyesha. Santina, karani wetu, anarudi Jumatatu kutoka likizo ya uzazi. Mapazia ya chumba hicho aliyachagua yeye, na uji wa mwanawe ungepikwa kwa maji ya hapo. Afande akageuza ndoo, akaikalia mbele ya mlango. Msimamizi aliposhuka kupiga simu, Anselme akawa amesimama kwenye ngazi. Afande alimweleza kwa Kiswahili chumba kile ni cha nini, basi. Anselme akavua kiatu, akatoa ufunguo ndani ya soksi.

Maji yalitoka mekundu. Kikombe kizima.

Hapo ndipo Anselme aliposema. Wakati wa kupaka rangi alikuwa analala chumbani humo. Maji ya bomba lile yalinuka sabuni, tumbo likamwendesha wiki nzima, na tangu hapo hakuamini bomba lolote la jengo. Alipomweleza msimamizi, alihamishiwa kibandani, mlango ukafungwa, akaambiwa akitaka kazi aufiche ufunguo na aulinde mdomo wake. Kampuni imeandika kwamba ni kosa la fundi mmoja, nao hawakuwa na habari. Labda. Mimi najiuliza tu kwa nini video yao ilipita kila bomba isipokuwa hilo. Jioni hiyo hiyo walimfukuza Anselme. Asubuhi ya Alhamisi Bwana Wahabi akamwajiri, na Anselme ndiye aliyekufungulia geti leo. Kiingereza hasomi. Hiyo ndiyo ile sababu ya pili ya wasifu huu kuwa wa Kiswahili.

Jumatano ile, tukishuka ngazi, nikamuuliza Afande jambo ambalo nilipaswa kumuuliza zamani: kwa nini bitiruti? Aliketi kwenye kipandio. Mwaka ule wa kwanza wa kanuni, alisema, aliwahi kusaini nyumba za kupanga Bukoto kwa kuangalia karatasi tu, kwa kuwa fundi alikuwa rafiki yake na siku hiyo kulikuwa na mvua. Mabomba yalikuwa yamechanganywa. Mtoto wa miaka mitatu, Aryemo, binti wa askari polisi, alilazwa siku kumi na moja. Afande alienda wodini kila siku, na siku ya nne akamwambia mama mtoto kwamba sahihi ile ni ya kwake. Mama hakumtukana. Alisema maji yalikuwa meupe kabisa, na kama yangekuwa na rangi yoyote asingempa mwanawe. Basi Afande akatafuta rangi inayoonekana, ambayo, tofauti na ule unga wa stoo, hata mtoto akiinywa kwa bahati mbaya haitamdhuru.

Nilikuwa nimemshuku miaka minne kwa kitu hicho. Mzee, nisamehe. Nimeona niandike hapa mbele ya wote, kwa sababu nilikushuku mbele ya wote.

Kuanzia Jumatatu faili la jengo jipya litakuwa mezani kwangu, likiwa halina sahihi, na nimerithi kikombe cheupe. Wajenzi waliomo hemani wafahamu kwamba Kalerwe nimeshajua ni mama yupi mwenye bitiruti nzuri. Chai ya leo nimeipika mwenyewe. Dumu liko chini ya meza ya nne kwa atakayetaka kulikagua, na najua ni nani.

Kwa miaka thelathini na minne, asante, kutoka kwetu na kutoka kwa maelfu wanaokunywa maji majumbani mwao bila kujua jina lako. Uishi vizuri na Mama Celestine, na mifereji ya paa uiache ivuje kidogo. Lipo ombi moja. Safu ya pili ameketi msichana wa miaka tisa mwenye gauni la njano, pamoja na mama yake. Ni Aryemo. Baada ya hotuba atakuletea glasi ya maji meupe, aliyoyateka mwenyewe. Tunakuomba, leo tu, uyanywe bila kuyakagua. Ukishindwa tutaelewa, kikombe nimekuja nacho.

Babra Ayot, Mkaguzi Msaidizi