Ubeti wa Tatu wa NyaChavula

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Lusungu Chavula, yaani NyaChavula, wa kanisa la Kamphoyo, huku kwetu Rumphi, kaskazini mwa Malawi. Tumemzika juzi. Na kumzika, jamani, kulikuwa na kazi.

NyaChavula alikuwa mtupa mistari. Zamani vitabu vya nyimbo vilikuwa vichache, vingine vimebaki jalada tu. Basi yeye anasimama mbele, anasoma mstari kwa sauti, watu wanauimba. Kabla haujaisha, ameshatupa mwingine. Kanisa zima lilikuwa linaimba kwa kitabu cha mtu mmoja.

"Alikuwa anakutupia hujamaliza kumeza mate," anasema binti yake, Tawonga. "Hata nyumbani. Anakwambia 'Tawonga, maharage!' halafu kaondoka. Sasa maharage yamefanyaje? Malizia mwenyewe."

Kisha kikaja kitabu kipya. Jalada jekundu, karatasi nyeupe pee. Nyimbo ni zile zile ila namba zimebadilishwa. Shikeni hapo, wasikilizaji wapendwa: namba zimebadilishwa.

Mumewe NyaChavula akafariki. Makaburini, Mzee Msowoya akatangaza wimbo wa maziko kwa namba tu, kama desturi. Wenye kitabu cha zamani, chenye jalada jeusi, wakaanza wimbo wa maziko. Wenye jekundu wakafungua namba ile ile, wakaanza wimbo wa mavuno. Na hakuna aliyekubali kunyamaza! Jeneza linashuka, upande mmoja unalia, upande mwingine unashukuru kwa mahindi. Mjane kasimama katikati, kashika kanga yake.

Tangu siku ile kanisa likagawanyika. Jeusi kushoto, jekundu kulia.

"Nyie mnazika watu kwa mahindi!"

"Na nyie kitabu chenu kinaliwa na panya!"

Mkuu wa jekundu alikuwa Mwalimu Kumwenda. Yeye ndiye aliyemwambia NyaChavula, "Mama, pumzika sasa. Kila mtu ana kitabu chake. Mistari ya kutupiwa ya nini?"

NyaChavula akaenda kukaa benchi la nyuma. Hakutupa mstari tena.

Alipougua, alimwita Tawonga kitandani. Safari hii hakumwachia la kumalizia. "Siku yangu vitabu vyote vifungwe. Jeusi, jekundu, vyote. Waimbe wimbo wa maziko kwa kichwa, wote pamoja. Sitaki kuzikwa kama baba yako."

Tawonga akaahidi. Lakini anasema alikuwa anaogopa. Atawezaje yeye kuwafungisha wazee vitabu?

Juzi akasimama kando ya kaburi, akasema. Watu wakaguna. Mzee Msowoya akauliza, "Mwanangu, tuimbe bila kitabu, sisi ndege?" Lakini maneno ya marehemu ni maneno ya marehemu. Vitabu vikafungwa.

Tawonga akaanzisha. Ubeti wa kwanza, kushoto na kulia, sauti moja. Wa pili pia. Akina mama wa umoja, vitambaa vyeupe kichwani, wanayumba taratibu.

Ubeti wa tatu, kimya.

Hakuna aliyekuwa nao. Miaka yote wameuimba, hakuna aliyewahi kuushika, maana NyaChavula alikuwa anautupa, na baada yake kulikuwa na kitabu. Wakabaki midomo wazi, wanasubiri mstari. Anayeutoa yumo ndani ya jeneza. Wenye kamba wakasimama, jeneza likaning'inia.

Mzee Msowoya akafungua kitabu chake cheusi.

"Mzee! Marehemu kakataza!"

"Nimekifungua bure," akasema. "Ukurasa wenyewe panya kala."

Watu wakacheka pale pale, makaburini. Mzee akageuka kulia. "Mwalimu, soma wewe."

Mwalimu Kumwenda akamtazama Tawonga. Tawonga akalitazama jeneza. "Mama atanisamehe," akasema. "Fungua, Mwalimu."

Mwalimu akafungua, akakohoa. "Namba..."

"Namba ya nini?" akafoka Mzee Msowoya. "Tupa mstari!"

Akatupa. Upande wa jeusi wakaudaka, na wa jekundu wakaudaka. Mwalimu alisoma kidarasa, polepole, kila mstari anasubiri uishe. Tawonga akashindwa kuvumilia: "Wahi, Mwalimu! Tunameza mate huku!"

Jeneza likashuka, wimbo mmoja ukaendelea hadi mwisho.

Tawonga, nawe na ukoo wote wa Chavula, poleni sana. Kamphoyo, poleni. Mungu amlaze pema.

Na wewe unayenisikiliza, leo chukua wimbo unaoupenda, funga kitabu, uimbe. Utakwama mahali. Ukikwama, usifungue haraka. Kaa hapo kwanza, umkumbuke aliyekuwa anakutupia mstari. Kama bado yu hai, nenda kamsalimie.